Kiatu Kimoja Kimoja

Kulwa mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi. Nilisema mwangaluka, ukapita na ndoo yako kama umesalimiwa na mlango. Kwa hiyo sirudii. Naanza na neno lenyewe. Kujibu usijibu, lakini utasoma, maana wewe karatasi yenye maandishi huwezi kuiacha hata ikiwa imefungia chumvi.

Mwandiko uvumilie, ni wa ngumbaru. Kule tulifundishwa kuandika majina yetu na kusoma mizani ya pamba tusiibiwe. Kumwandikia mtoto aliyenuna hatukufundishwa. Nimekaa nyuma ya jiko na jua bado lipo. Bibi yako amekwenda kwa jirani kunisema. Doto amelala hapa karibu mkekani, vidonge vimemlaza. Wewe uko lamboni unafua nguo za safari, na najua utachelewa makusudi ili ukirudi uingie moja kwa moja kulala.

Sitakuambia uamke mapema kwa watu, wala usishinde barabarani, wala umheshimu mama yako mdogo utakayekaa kwake. Hayo unayajua, na mama yako mdogo ana mdomo, atakukumbusha mwenyewe. Mimi nataka tuongee habari ya ng'ombe.

Siku ya mnada uliniuliza mbele za watu, "Na wangu wako wapi?" Nikajifanya naongea na mnunuzi. Tangu hapo hujanisemesha. Haya, jibu ni hili: wako hayupo hata mmoja. Wameuzwa wote, hata yule mwekundu wa pembe moja uliyemlea kwa mkono mama yake alipokufa. Wote wanakwenda Mwanza kwa matibabu ya Doto, kwa yule mama wa kulipia. Wewe unakwenda Bariadi kukaa kwenye cherehani ya mtu, na Kidato cha Tatu hutakiona mwaka huu, na pengine hutakiona kabisa. Siyo sawa kwa sawa. Sitakuambia kwamba ni sawa, maana ningesema hivyo ungenidharau, na ungekuwa na haki.

Sasa nikueleze nilivyofika hapa. Usisonye. Soma.

Nyie ni mabasa, mapacha wa kwanza katika ukoo wa baba yenu ambao bibi yenu aliwaona kwa macho yake. Siku mnazaliwa hakuuliza kama mimi ni mzima. Alikaa chini, akawaweka mmoja huku mmoja huku, akaniambia, "Mabasa hawapunjwi. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Aliyepunjwa ataugua, na wewe ndiye utakayeulizwa." Nilikuwa binti mdogo tu, na nilimwogopa yule mama kuliko radi. Nikalishika neno lake. Ziwa hili la Kulwa, hili la Doto. Gauni moja, gauni la pili. Mmoja akipata homa nawanywesha dawa wote wawili, na mzima analia kwa uchungu wa klorokwini asiyoihitaji. Mara nyingi mzima ulikuwa wewe. Ulikuwa unanitazama kwa macho makubwa hayo, unauliza, "Mayu, mimi naumwa nini?" Nami nasema, meza, unaumwa ugonjwa wa ndugu yako.

Na viatu unavikumbuka? Baba yenu alirudi kutoka Mwandoya kuuza pamba, amelewa kidogo, amefurahi. Fundi wa katambuga alikuwa amebakiwa na pea moja tu ya miguu midogo, zile za matairi. Mtu mwingine angerudi bila kitu. Baba yenu akanunua, akawagawia kimoja kimoja, wewe cha kulia, Doto cha kushoto. Mkazunguka boma zima mnachechemea, kishindo, kimya, kishindo, kimya, na baba yenu akicheka mpaka akakaa chini. Hata bibi alicheka. Jioni nikawatoa miiba, wewe mguu wa kushoto, Doto wa kulia. Nikasema, jamani, baba yenu ana akili, kagawa bila kugombanisha watu. Nililisema hilo kwa majivuno, Kulwa. Miaka yote nilikuwa nikiwasimulia wageni habari ya viatu vile.

Kisha akafariki. Wewe ulilia mpaka sauti ikakauka. Doto hakulia, alishika ufagio. Alifagia uwanja, akafagia njia, akafagia mpaka zizini ng'ombe wakiwa ndani. Tukasema ni majonzi, yataisha. Halafu akaacha kulala. Halafu akaanza kuongea na watu tusiowaona, na siku moja ukampelekea uji akakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Ulitoka nje ukiwa umeshika bakuli. Nilikuona.

Bibi yako akasema, "Huyu kapunjwa. Kumbuka vizuri ulimnyima nini." Hee, mwanangu! Unajua nilivyohangaika? Nilipekua maisha yenu yote kichwani kama mtu anayetafuta sindano. Nilikumbuka mpaka kiatu cha kushoto, kwamba labda kilikuwa kidogo kuliko cha kulia. Tukaenda kwa mfumu kuagua, akadai mbuzi, akapewa mbuzi, na Doto akaendelea kufagia.

Ndipo tukaenda hospitali ya serikali. Nesi yule si mtu mbaya, na ukimkuta Bariadi umsalimie. Alisema huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa na una mazungumzo yake. Lakini daktari wa magonjwa ya akili anatoka mbali, anakuja gari likipatikana, na gari likipatikana hutafutwa mafuta. Akaandika jina la Doto, akatupa vidonge vya kumlaza. "Subirini, mama." Akasema hivyo huku anatazama meza, na niliona kwamba anaona aibu kwa jambo lisilo lake. Bibi yako njia nzima ni subira yavuta heri, subira yavuta heri. Tukapanda pamba, tukapalilia, tukavuna, Doto yumo ndani. Heri haikuvutwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia lilikuwa langu.

Hiyo ndiyo miaka kila kitu kilipoanza kuwa cha kulipia. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao na mizani yao. Mitumba ikajaa mnadani. Zikafunguliwa shule za kulipia, na madaktari wakaruhusiwa kuwa na hospitali zao wenyewe. Watu wakasema sasa ni ruksa. Ruksa ni tamu ukiwa na ng'ombe. Nasi tulikuwa nao, baba yenu alituachia zizi linaloeleweka, na neno lake la mwisho kuhusu zizi lile lilikuwa wagawane sawa.

Nikasikia habari ya yule mama wa Mwanza. Alikuwa nesi wa wagonjwa wa akili serikalini, akastaafu, akafungua nyumba yake kule kwenye miamba. Wagonjwa wanakaa kwake, wanapewa dawa kwa saa, na kila siku anakaa nao mmoja mmoja anaongea nao huku wanachambua mchele. Nilipompeleka Doto nikawaona wanachambua mchele, nikasema moyoni, nimeleta ng'ombe wa baba yenu hapa mwanangu aje kuwa kijakazi. Lakini nilimwacha. Alinieleza wazi kwamba kazi hii ni ya mwaka mzima na zaidi, na kwamba haikatwi katikati.

Haikatwi. Nilisikia kwa masikio haya.

Nikarudi nyumbani, bibi yako kasimama mlangoni pa zizi. "Wa Doto wametoka. Wa Kulwa wako wapi?" Na wewe mwaka ule ulikuwa umefaulu darasa la saba na hukuchaguliwa, nafasi za serikali zilikuwa za kugombania. Basi nikaona Mungu amenipangia. Wachache nikawaacha zizini wazaane; wa kuuzwa, nusu kwa matibabu ya Doto, nusu kwa shule ya kulipia ya Kulwa. Sawa kwa sawa. Watu walinisifu! Mama wa mabasa kweli huyu, mjane lakini kashika haki. Nilitembea shingo juu. Kanisani nilikuwa nakaa mbele.

Nilikwenda kumwona Doto mara moja. Alikuwa amekaa na ungo mapajani, amesukwa nywele, amenenepa. Akaniamkia. Akauliza, "Kulwa anasoma nini sasa?" Nikamwambia jiografia. Akacheka, akasema, "Atapotea huyo, hata njia ya kwa shangazi haijui." Alicheka kile kicheko chake cha puani. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha watu.

Fungu lake likaisha. Lililobaki lilikuwa lako. Nikaenda kwa yule mama nikamwambia namchukua mwanangu, amepona vya kutosha, na mwenzake naye ana haki yake. Akanitazama. Akasema, "Mama, ukimchukua sasa, heri ungebaki na ng'ombe wako." Kulwa, nilikasirika! Nikaona ni mfanyabiashara tu, sawa na wale wa pamba wanaokanyaga mizani kwa kidole cha mguu. Nikamwambia biashara yako umeipata, inatosha. Alimfungia Doto vidonge kwenye karatasi, akamkumbatia, akaingia ndani.

Tukapitia hospitali ya serikali kuendelea na foleni yetu. Nesi akashika kichwa. Daktari alikuwa amekuja. Alikuja wakati Doto yuko Mwanza, jina likaitwa, mtu hayupo, likaandikwa upya mwisho kabisa. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi ziliniponyoka zote.

Yaliyofuata umeyaona, lakini niyaseme nikiwa nimekaa, maana kwa mdomo siwezi. Vidonge vya karatasi vikaisha. Ufagio ukarudi. Ada yako nayo ikaisha ukiwa umemaliza Kidato cha Pili, ukarudi na sanduku lako umelibeba kichwani, na hukunilaumu. Ulikuta ndugu yako hakujui tena. Doto nusu ya matibabu, wewe nusu ya shule. Kimoja kimoja, kama baba yenu alivyogawa, ila safari hii hakuna aliyecheka.

Halafu ile siku ya lambo. Wachungaji walimleta Doto amelowa mpaka shingoni, meno yanagongana, anasema baba anamwita upande wa pili. Nilichukua kamba ya ndama. Ndiyo, niliichukua mimi, sikutumwa na mtu. Nikamfunga mguu kwenye nguzo ya nyumba, mtoto niliyemzaa, na fundo nikalikaza. Ukatoka ndani. Ukakaa chini pembeni yake, ukanyoosha mguu wako.

"Nifunge na mimi, mayu. Mabasa hawapunjwi. Si ndivyo mnavyosema?"

Sijui kama ulisema kwa hasira au kwa mapenzi, na usiniambie. Mguu wako ulikaa pale mbele yangu. Bibi yako, aliyenifundisha neno lile, aliinuka akaenda nje bila fimbo yake. Na mimi nilikuwa nimeshika kamba iliyobaki, na ilikuwa inatosha. Kulwa, kwa muda mfupi nilipima kama inatosha! Mkono wangu umezoea hivyo. Ndipo nilipojiona.

Nilimfungua Doto. Tangu siku ile analala katikati yetu, na tangu siku ile nilijua nitafanya nini.

Wewe ulisema tusubiri. Ulisema, "Mayu, nesi kasema jina limesogea juu. Kule ni bure. Mimi nirudi shule kwa ng'ombe hawa." Baadaye nilikusikia unalia kwamba umesema vibaya. Hukusema vibaya. Ulisema kweli. Siwezi kukuapia kwamba daktari yule hatakuja. Anaweza kuja kesho yake baada ya sisi kuondoka, kama alivyofanya. Na yule mama wa Mwanza anaweza kumaliza zizi lote na Doto akarudi vilevile na ufagio wake. Nilipokwenda kumwomba ampokee tena hakunificha. Alisema safari ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na kwamba haahidi. Nilimwomba msamaha kwa maneno yale ya biashara, akasema, "Ni biashara, mama. Nisipolipwa sili. Lakini si hiyo tu."

Basi sina uhakika. Nina jambo moja tu: daktari wa bure simjui sura, na kicheko cha Doto juu ya ungo nilikisikia. Nimechagua nilichokisikia. Shule inaweza kukungoja, hata kama itakungoja vibaya. Lambo halimngoji Doto.

Baba yako mdogo alikubali niuze kwa sharti kwamba lawama iwe yangu. Nikamwambia wabeja, asante, nipe hiyo lawama. Bibi yako ameapa hatakula chakula cha mkono wangu, ingawa mchana kala. Amesema kwamba sasa utaugua wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyepunjwa. Hilo neno najua limekuingia, niliona ulivyoacha kutafuna. Nataka nikuambie kitu, na hiki ndicho kilichonikalisha hapa kuandika: hukuwahi kuugua kwa kunyimwa, wala Doto. Lakini mliumia wote wawili kwa mimi kugawa. Na unajua kwa nini niligawa? Si kwa ajili ya mila peke yake. Kugawa sawa kulinipa usingizi. Nikigawa sawa hakuna wa kunisema, si bibi, si kanisa, si nyie. Nilinunua usingizi wangu kwa ng'ombe wa baba yenu. Kuchagua ndiko kunakoninyima usingizi, na tangu mnada silali.

Kwa hiyo ukitaka kumchukia mtu, nichukie mimi. Niko hapa, mgongo wangu mpana. Doto usimchukie, hakuomba ng'ombe. Na wewe usijichukie kwa kutamani shule yako wakati ndugu yako anaumwa. Itamani. Ungeacha kuitamani ningeogopa zaidi.

Na nakujua. Huko Bariadi, ukipata ujira wa kwanza utaukata katikati, nusu ya Doto. Ukinunua sabuni utaikata. Mtu akikuchumbia utamuuliza kama ana ndugu. Hayo nimekufundisha mimi tangu unanyonya, na leo natamani ningeweza kuyatoa kama nilivyokuwa nawatoa miiba. Siwezi. Nakuomba tu, likikujia, uchelewe kidogo kabla ya kukata.

Nikirudi kutoka Mwanza na habari njema utazipata. Nikirudi na mbaya utazipata pia, sitakuficha kwa kisingizio kwamba uko ugenini. Sijui itakuwa ipi. Jioni hii nikimtazama Doto pale mkekani naona zaidi ile mbaya, lakini nakwenda.

Chini kabisa ya begi lako, ndani ya kitenge changu, kuna viatu. Vyeusi, vya kufunga kamba, vya mitumba. Nilivinunua siku ile ile ya mnada, wewe umekwenda kusimama mbali na mimi. Muuzaji alikuwa amemwaga rundo chini. Kimoja nilikiona juu juu, cha pili nilikitafuta nimepiga magoti mpaka watu wakaanza kunicheka, mama mzima anachimba viatu. Nilikipata. Ni pea, nimevipima soli kwa soli.

Kesho alfajiri Doto akiwa bado amelala utataka kufanya jambo fulani. Usilifanye, Kulwa. Usimwachie kimoja mkekani.

Vaa vyote viwili uondoke.

Mayu wako